Ouma Aliyebaki Ndani ya Wimbo

Kata kucha za mkono wa kushoto, zote, mpaka nyama ilalamike. Za mkono wa kulia ziache kidogo, zitokeze tu kama mdomo wa kijiko. Ukija kwangu hapa Nyalenda, Kisumu, na zile kucha za kubandika za saluni, nitakupa chai na mkate halafu nitakuonyesha mlango. Gita haikwaruzwi. Gita inadonolewa, vile kuku anavyodonoa omena, vile vidagaa ulivyoanika: kwa ncha, haraka, na kichwa kiko juu tena kabla hujapata jiwe.

Nawaandikia nyinyi mnaokuja na gita mpya mgongoni mkiniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo: "Dani, tufundishe zile nyimbo za zamani, za vidole." Shule niliishia darasa la tano, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa. Lakini gita nimeipiga tangu mama zenu hawajazaliwa. Nimepigia harusi, matanga, hoteli, siku ya wakulima, na mara moja ng'ombe waliokataa kupanda lori. Walipanda.

Niliacha kazi kwa sababu kidole cha kuonyesha cha mkono wa kulia kilivimba kwenye kiungo kikakataa kukunjika. Kuacha kazi ni neno tu. Mikono yenyewe haikuambiwa. Kanisani gumba langu linatembea juu ya Biblia mpaka mtu wa mbele anageuka. Jikoni napiga mfuniko wa sufuria. Nikishika bakuli la uji, bakuli linapigwa. Jirani aliniuliza kama huo ni ugonjwa wa kutetemeka. Nikamwambia ni ugonjwa, ndiyo, lakini si huo, na huu wangu hauna dawa.

Mwezi uliopita ukazidi. Mama Peres alinipigia simu. Yeye ni mjane wa Mzee Okelo aliyenifundisha kazi hii, na anakaa kando ya ziwa, ukishapita Katito kuelekea Kendu Bay. Familia ilikuwa inaandaa rapar, ile siku ya kumkumbuka marehemu machozi yakishakauka, watu wanakula na kucheza kwa ajili yake.

"Nyar Nyakach," akaniita, binti wa Nyakach, kwa jina la upande nilikozaliwa, vile ameniita siku zote. "Vijana wangu wamekodi dijei. Ana spika kubwa kama choo."

"Yawa! Kwa rapar ya mzee?"

"Nimewaambia sawa. Lakini kabla ya spika nataka Lori la Awasi. Kwa vidole. Wamenikubalia wimbo mmoja. Wanasema watu wakianza kupiga miayo tu, dijei anawasha."

"Mama, kidole changu..."

"Kidole chako nakijua. Mimi sikuomba kidole, nimeomba wimbo."

Akakata simu. Nikabaki napiga meza.

Sasa muelewe jambo lenyewe. Mkono wa Mzee Okelo, ile namna yake ya kupiga, hauko kwenye sahani ya santuri wala kwenye simu. Hakuna aliyemrekodi. Ulikuwa kwangu, na kwangu umekwama kwenye kidole kilichovimba. Aliyebaki ni mjukuu wangu Adhiambo, na Adhiambo amejifunza gita kwa simu. Wimbo mmoja, mbele ya watu wa mzee, na dijei ameweka kidole kwenye mashine. Ukikatika hapo, basi, hakuna mtu atauliza tena.

*

Lori la Awasi ulikuwa wimbo wa redio nilipokuwa msichana. Kila mtu aliujua, hata mwalimu wa hesabu. Mwanamume anasafiri kwa lori, linasimama Awasi, anashuka kununua mahindi ya kuchoma. Anamwona msichana anayechoma mahindi. Anauliza bei, anauliza jina, anauliza baba yake ni nani, na lori linaondoka na godoro lake. Mwishoni anaoa, anakaa Awasi, na mpaka leo analalia mkeka. Ni hivyo tu. Lakini nyinyi mnaoanza, anzeni na wimbo wa namna hiyo, ambao hata mpishi anaujua. Ukikosea, mpishi atakurudisha njiani. Ukianza na wimbo mgumu ambao haujulikani, utakosea na watasema ni ufundi.

Uimbe kwanza bila gita. Uimbe ukifagia. Ukishajua unapumua wapi, chukua gita lakini usiguse nyuzi nyembamba. Gumba peke yake, kwenye zile nene, ndu, ndu, ndu, ndu, mpaka watu wa nyumbani wakuchukie. Mzee Okelo alinifanyia hivyo mpaka nikalia. Alisema, "Gumba ndiye mwenye boma. Hivyo vidole vingine ni wageni, vinakuja na kelele zao, vinakula, vinaenda. Mwenye boma haendi mahali." Yeye alipiga kwa gumba na kidole kimoja tu, viwili basi, na ukimsikia ungeapa kuna watu watatu nyuma ya nyumba.

Na mkono usikae kama umeshika mwizi. Legeza. Mama mkwe wangu alinikuta siku moja nimeikumbatia gita kwa nguvu, akaniambia, "Hata bwana ya mtu haishikwi hivyo." Alikuwa ananitukana, maana hakutaka mwanamke wa boma lake apige gita. Lakini alisema kweli kuhusu mkono, nikalegeza, na nikaendelea kupiga.

*

Nyuzi. Nyinyi mnanunua nyuzi kwenye pakiti. Sisi zile nene tulitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, unaufumua uzi mmoja mmoja, na mkono unatoka damu. Nyembamba tulitoa kwa Mama Peres, yeye bila kujua, au ndivyo tulivyofikiri. Mama Peres aliuza ndoana na nyuzi za nailoni za kuvulia pale ufukoni. Mzee Okelo aliondoka nyumbani asubuhi akikohoa, anapitia kwenye kibanda cha mkewe kumsalimia, anatoka na uzi umezungushwa ndani ya kofia. Uzi wa sangara ulikuwa mnene sana. Uzi wa ngege, samaki mdogo kuliko sangara, ndio ulioimba.

Nyuzi za chuma zikichoka, chemsha na sabuni kidogo, zianike, zinapata sauti tena kwa muda. Lakini usichemshe kwenye sufuria ya ugali. Tulifanya hivyo kwa Mama Peres, tukaosha vizuri, na jioni wageni wa kanisa wakala ugali wenye ladha ya breki. Mama Peres alimtazama tu mzee, akapakua.

Ndivyo alivyokuwa. Sisi wanafunzi tulijaa kwake, tunakula, tunavunja vikombe, yeye yuko upande wa moto. Gita ikianza mbele, yeye anakoroga nyuma. Sijawahi kusikia amelalamika. Sijawahi pia kumwona ananyanyua mkono.

Hapo kwa kunyanyua mkono lazima niwaeleze, kwa sababu nyinyi mmekua na dijei. Zamani wimbo haukuwa wa mpigaji peke yake. Mtu yeyote aliyekuwa na la kusema alinyanyua mkono, akaja mbele, akatupa pesa kidogo kwenye sahani, na akajisifu. Hiyo tunaita pakruok. Anajitaja yeye ni mtoto wa nani, anatoka wapi, anafanana na nini. Mwingine ni radi ya Nyakach, mwingine ni mwavuli wa wajane. Uongo mtupu na kila mtu anafurahi. Na mpigaji anafanya nini? Wageni wananyamaza, mwenye boma anabaki. Vidole vinaacha, gumba linaendelea kutembea chini, pole pole, ndu, ndu, linamshikia yule mtu mahali pa kusimama. Usimwache kwenye kimya. Mtu aliyekuja mbele kujisifu akakuta gumba limekufa ni kama amevuliwa nguo sokoni.

Muhoroni nilipata dereva wa trekta ya miwa. Alijisifu, akasifu trekta, akasifu mama yake, akasifu mama ya trekta. Gumba langu likafa ganzi. Hapo ndipo nilijifunza kupokezana: unapiga kwa upande wa kucha, ukichoka unapiga kwa nyama, kifundo cha mkono kisisogee. Alipomaliza alinigeukia akasema, "Mama, unaweza kuendelea sasa." Ati ninaweza. Asante, bwana.

*

Sasa Ouma.

Ouma alikuwa fundi baiskeli, mtu mfupi mwenye kifua, na alimfuata Mzee Okelo kila matanga kama amelipwa. Na mimi kabla sijawa mwanafunzi wa mtu yeyote nilikuwa msichana wa kuosha vyombo kwenye hayo matanga. Nilikaa nyuma ya ua na karai langu. Watu sikuwaona. Maneno ya watu sikuyasikia, ni mvumo tu. Gita ndiyo ilinifikia, zaidi zile nyuzi nene, maana sauti nene inapita kwenye ua, nyembamba inashikwa na majani. Niliosha vyombo na nikaiba Lori la Awasi lote, mwanzo mpaka mwisho. Nilienda nyumbani nikajitengenezea gita ya debe nikaupiga.

Siku nilipopata ujasiri nilienda kwa Mzee Okelo, nikamwambia nataka kazi. Akacheka. Akanipa gita yake aone aibu yangu. Nikapiga. Akaacha kucheka. Nikafika pale lori linapoondoka, nikanyamazisha vidole, nikabaki na gumba. Ndu, ndu, ndu. Nikaendelea. Mzee akanitazama. Nikaendelea.

"Umesahau?" akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Mbona umenyamaza?"

"Wimbo ndio umenyamaza."

"Wimbo unanyamaza wapi hapo?"

"Hapo lori limeondoka, Mzee. Wimbo unangoja vumbi litulie."

Akajipiga gotini kwa mkono, akapiga tena, machozi yakamtoka. "Peres! Peres, kuja! Huyu mtoto... hilo si vumbi, mtoto. Hilo ni Ouma!"

Ilikuwa hivi. Kila matanga, wimbo ukifika hapo lori linapoondoka, Ouma alinyanyua mkono. Palepale. Alijisifu maneno yaleyale, kwa urefu uleule, kisha akakaa, na vidole vya mzee vikarudi. Mimi nyuma ya ua na karai langu sikuwahi kuusikia wimbo bila yeye. Nilikuwa nimejifunza Lori la Awasi na Ouma ndani yake.

Mama Peres alikuja kutoka jikoni akaambiwa, na hiyo ndiyo mara pekee nilimsikia akicheka kwa sauti. Ouma mwenyewe aliitwa kutoka barabarani, mikono ya grisi. Nikapigishwa tena. Alisimama kando yangu kwenye ile nafasi, akajisifu kimoyomoyo, midomo ikicheza tu, na aliponyanyua kichwa amemaliza, vidole vyangu vikarudi. Sawasawa kabisa. Yawa, huyo mtu alijivuna! Alinipa waya za breki bure mpaka alipokufa.

"Niitoe hiyo nafasi, Mzee?" nikauliza.

"Iache. Siku Ouma hayuko, mwingine ataingia hapo."

Basi nikaiacha, maisha yangu yote ya kazi. Imenitia taabuni. Kuna hoteli moja hapa Kisumu nilipigia wageni wakila bustanini. Lori likaondoka, nikabaki na gumba, nikingoja mtu. Wazungu na watu wa ofisi wakaweka uma chini. Wakapiga makofi. Walifikiri nimemaliza. Meneja akaja mbio kwa viatu vyake vya kulia kwi kwi, "Mama, Mama, usisimame, watu hawajafika kwa matunda." Nikamwambia sijasimama, gumba liko kazini. Akaniuliza gumba ni nani.

*

Adhiambo ana mkono mzuri kuliko wangu. Naandika hivyo kwa sababu hayupo hapa kuona. Anatumia vidole vyote. Anatazama mtu kwenye simu, anapunguza mwendo wa yule mtu mpaka kidole kinatambaa kama konokono, anarudia. Mimi nilipunguza mwendo wa Mzee Okelo kwa kumwomba, na alikuwa na hasira. Kwa hivyo sitatukana simu. Simu haichoki na haikohoi.

Lakini simu ilimpa Lori la Awasi la redio, lile walilopiga watu wa studio, na studio Ouma hakuwepo.

"Dani, hiyo nafasi haiko."

"Iko."

"Nimesikiza mara nyingi. Lori linaenda, gita inaingia hapo hapo. Haiko."

"Kwa studio haiko. Kwa Mzee Okelo iko."

"Sasa nikikaa hapo na gumba tu, watu watafikiri nimesahau. Dijei atawasha. Ni wewe ulisema wakipiga miayo anawasha."

"Mtu atanyanyua mkono."

"Nani, Dani? Watu siku hizi wanajisifu kwa simu! Ouma alikufa."

Hapo alinishinda, na sikupenda. Nikazunguka nyumba. Nikatoa omena nje, nikazirudisha ndani. Nikachukua gita kutoka mikononi mwake nimwonyeshe, kidole kikakataa, kikagonga ubao kama mlevi. Nikamrudishia.

"Piga unavyotaka," nikasema, na hiyo haikuwa ruhusa.

Tuliendelea hivyo mpaka siku yenyewe. Akipiga na nafasi, ananuna. Akipiga bila nafasi, mimi nagonga mfuniko. Jirani alihamia kwa dada yake.

*

Tulifika mapema. Tenti mbili, viti vya plastiki, moto umeshawaka upande wa nyuma. Spika zilikuwa kweli kama choo. Dijei alikuwa kijana mpole mwenye kofia imegeuzwa, akanisalimia vizuri, akauliza, "Mama, gita yenu inachomekwa wapi?"

"Hii ina tumbo," nikamwambia. "Haichomekwi."

Mama Peres sikumwona mbele. Nilijua yuko wapi. Watoto wake wawili, wanaume wazima wenye vitambi, walikaa karibu na dijei. Mkubwa akaniambia, "Dani, wimbo mmoja, sivyo?" Nikamwambia mmoja.

Adhiambo akakaa kwenye stuli. Mimi nilikaa nyuma yake, na kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeanza, niliikalia. Kweli, niliiweka chini ya mapaja nikaikalia.

Akaanza. Gumba kwanza, peke yake, mpaka watu wakageuza shingo. Halafu wageni wakaingia. Mahindi yakachomwa, bei ikaulizwa. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, mama mmoja akaimba bila kujua anaimba. Sikujua atafanya nini. Hakuwa ameniambia, na mimi sikuwa nimeuliza, kwa kiburi. Msichana akaulizwa jina. Baba yake akaulizwa. Lori likaondoka.

Vidole vya Adhiambo vikanyamaza.

Ndu, ndu, ndu, ndu.

Mtoto wa watu. Aliacha nafasi.

Na hakuna aliyesimama. Wazee walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake, na wale waliojua kujisifu wamezikwa. Msichana wa mbele akatoa simu. Mtu akapiga miayo, nilimwona, mkono mdomoni. Ndu, ndu. Mtoto mkubwa wa marehemu akamtazama dijei, akampa ishara ya kichwa, na mkono wa dijei ukaanza kwenda kwenye mashine. Hakuwa na ubaya, alifikiri wimbo umekwisha. Adhiambo aligeuza shingo akanitazama. Uso wake ulisema, Dani, nilikuambia. Nikasikia gumba lake limeanza kukimbia, na gumba likikimbia ujue moyo umeshatoka nje.

"Tembea," nikamwambia kati ya meno. "Usikimbie. Tembea."

"Hakuna mtu, Dani."

"Tembea."

"Wewe wa kofia!" Sauti ilitoka upande wa moto. "Toa mkono kwa hiyo mashine!"

Dijei akarudisha mkono kama ameguswa na jiko. Mama Peres alikuwa ametokea pembeni ya nyumba, leso kiunoni, mwiko mkononi una ugali mpaka katikati. Na mkono wenye mwiko alikuwa ameunyanyua.

Magoti yake ni mabaya. Alikuja hatua moja, akapumzika, hatua nyingine. Ile nafasi ilipita urefu wa Ouma, ikapita urefu wa dereva wa trekta. Adhiambo alitembea naye. Mguu ukigusa chini, gumba linagusa uzi. Hakuna aliyemfundisha hilo. Yule mdogo wa wanawe wawili akainuka amshike mkono, mama akamsukuma na mwiko.

Alifika mbele. Ndu, ndu.

"Mimi ni Peres," akasema. "Nyar Kano."

"Ee!" wakaitikia wazee.

"Mimi ndiye mwenye nyuzi."

Hawakuelewa. Mimi nilielewa.

"Niliuza nyuzi za kuvulia hapo ufukoni. Kila asubuhi nahesabu vizuri, jioni zimepungua. Nikauliza panya. Panya wakaniambia, Mama, si sisi, uliza kofia ya bwana yako."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Hakungoja.

"Nilinyamaza. Alizifunga kwa gita, nikanyamaza. Nyinyi mkacheza. Wewe hapo, ulioa kwa sababu ya hiyo gita, nilikupikia. Wewe, ulimlilia mama yako na hiyo gita, nilikupikia. Leo sinyamazi. Uzi ulio kwa gita hauko kwa ndoana! Iko samaki ndani ya ziwa hili haikuvuliwa kwa sababu nyinyi mlikuwa mnacheza. Ikazaa. Watoto wake wakazaa. Ziwa lote hilo mnaloona, waliomo ni wangu!" Akapiga kifua na mkono mtupu. "Mimi ndiye nyanya wa samaki!"

Sijui niwaambie nini kuhusu kelele iliyofuata. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Mtoto wake mkubwa, yule wa wimbo mmoja, alikuwa amefunika uso kwa kofia na mabega yanatetemeka, na sijui kama alikuwa anacheka.

Mama Peres aliweka mwiko juu ya mashine ya dijei, na ugali wake wote. Akamgeukia Adhiambo.

"Haya, mtoto. Rudisha lori."

Na vidole vikarudi. Hapo ndipo niliona mikono yangu imetoka chini ya mapaja, sijui saa ngapi, inapiga magoti yangu. Gumba na kile kidole kibovu. Bado hakikukunjika. Kilipiga kikiwa kimenyooka kama kijiti, na kilikuwa ndani ya wimbo.

Baadaye wazee wote walitaka kunyanyua mkono. Chakula kilipoa. Halafu dijei akafuta mashine yake akawasha spika, na mimi nilicheza hiyo pia, msije mkafikiri mimi ni mtakatifu.

*

Jana nilikuwa nasonga ugali. Adhiambo alikuwa chumba cha pili na gita. Hajui nasikiza, au anajua. Lori la Awasi. Mahindi, bei, jina, baba. Lori likaondoka, gumba likabaki.

Nilikuwa nakoroga kwa mwendo wake. Nikafika urefu wa Ouma, maana huo naujua hata nikiwa kaburini, nikainua mwiko kungoja vidole virudi. Havikurudi. Ndu, ndu. Nikangoja. Ndu, ndu.

"Adhiambo!" nikaita. "Umesahau? Wimbo umenyamaza!"

"Haujanyamaza, Dani," akajibu bila kuacha. "Ouma ameshakaa. Sasa Mama Peres anatoka jikoni."

Nikasikia harufu ya ugali unaungua chini. Sikukoroga. Magoti ya Mama Peres ni mabaya, na alikuwa bado njiani.